Kisu cha Saba

Sanduku la majani ya chai, mbao zake zimejipinda,
tulilifungua Njombe, mwezi wa saba,
ukungu umesimama mlangoni kama mdai
asiyetaka kuingia wala kuondoka.
Visu saba, vimeviringishwa kwenye gazeti
lililolowa mafuta ya nyonyo.
Ezeria, kaka yangu, akasema: chuma chakavu,
tupeleke kwa kilo.
Nikasema: ngoja,
tujue kwanza kila kimoja kilikuwa kikila nini.

Usikiulize kisu kwa makali.
Makali hunolewa na yeyote, hata mwizi.
Uliza mpini, pale ulipolika.

Hiki cha mwezi mchanga, mpini katikati,
kilikata soli. Hakivutwi, husukumwa;
ona kichwa chake kilivyong'aa kwa kiganja.

Hiki kilichobinuka, ncha butu kwa makusudi,
Tweve wa buchani alikigeuza mara moja tu:
cha kuchunia. Ncha kali hutoboa ngozi,
na tundu moja ni nusu ya bei.

Hiki chembamba hakikuzaliwa kisu.
Ni msharasi uliovunjika
ukapelekwa kwenye tupa, ukaanza maisha upya.

Cha nne, kizito, mti wake umekunywa utomvu
mpaka ukawa mwekundu kama ufizi.
Hiki hakikumjua ng'ombe.
Kilimenya miwati huko mlimani,
magome yakafungwa mizigo, yakalowekwa,
ngozi ya mti ikaivisha ngozi ya mnyama.

Cha tano ni cha biashara. Kengee nyembamba,
nyota mbili na herufi zilizoliwa na kutu.
Kilitengenezwa kiuzwe, kukata ni bahati.
Babu alitoa ngozi mbili za mbuzi
akapewa hiki, akamchunie mbuzi wa tatu.
Baba alipokisimulia kisa hicho tulicheka.

Cha sita ni kisu cha mkate.
Sijui. Usiniulize.

Na cha saba: kifupi, bapa,
kimenolewa upande mmoja.
Hicho hupunguza ukingo wa ngozi
hadi uwe mwembamba kama ngozi ya maziwa,
ili mshono ulale usionekane.
Hapo hatukubishana.
Ila Ezeria alikishika, kikamkataa.
Akakigeuza, kikamkataa tena.
Kimekosewa hiki, akasema.

Nikakichukua kwa mkono wangu,
huu wa kushoto, uliochapwa nyumbani na shuleni
mpaka ukajifunza kujificha mfukoni.
Dole gumba likaenda lenyewe
kwenye kishimo kilicholika mtini
kama mtu anayerudi kitandani kwake gizani.

Baba alikuwa wa kulia. Nawajibika kujua:
ndio mkono ulionichapa.
Na kibao juu ya mlango kilisema
E. MLOWE, FUNDI VIATU NA MIKOBA,
na wateja walitoka hadi Makambako
kusifia mishono ya E. Mlowe.

Mama alikuwa akijipumzisha mchana
chumba cha nyuma, komeo ndani.
Mezani alikula kwa kulia, taratibu,
kama mgeni katika mkono wake mwenyewe.
Na kidole chake cha shahada, cha kulia,
kilikuwa na makovu madogo, mengi, yamepangana.
Viazi, alisema. Nimejikata nikimenya viazi.

Mkono ushikao kisu haujikati, Mama.
Hujikata ule ushikao ngozi.

Ninao bado mkoba wa darasa la tatu.
Jana usiku, umeme umekatika, nimeupapasa
kutoka kifungo hadi pembe,
nikitafuta ngozi moja inapokoma
na nyingine inapoanzia.
Sikupaona.

Ezeria yuko mlangoni na gunia.
Basi tupime sita? anauliza.
Simjibu. Natafuta kinoo.